Pombe ya Siku Tatu

Pombe ya mahindi ya kwetu Kabambare, mashariki mwa Kongo, haifiki siku ya nne. Jioni inapochujwa ni tamu, na mtoto hazuiwi kuinywa. Kesho yake imeanza kuchacha na kuuma kidogo pembeni mwa ulimi. Siku ya tatu imekomaa, ndipo watu wazima wanapoiketia. Ya nne ni siki, inamwagwa chini ya migomba. Sijaiona kwenye chupa hata siku moja, wala katika duka la Kindu, wala Bukavu, wala Kalemie. Anayeitaka hana budi kuifuata ilipo, tena siku yake. Kwa miaka mingi nimewasikia watu wenye mipango wakisema hiyo ndiyo kasoro yake: haikai, haisafiri, kwa hiyo haina soko. Mimi nilikulia kwenye moshi wa pombe hiyo, nikaja kuisomea darasani, nikaonja na ndugu zake wa Ulaya. Nimefika mahali pa kuamini kwamba kule kutosafiri kwake ndiko kulikotulea.

Nililelewa na mama mkubwa, dada yake mama yangu. Aliniita "baba" kwa kuwa nilirithi jina la baba yake, na kwa heshima hiyohiyo aliniamsha alfajiri kwenda kuteka maji. Nyumba yake ilikuwa kando ya njia iendayo Kasongo. Minervali yangu, yaani karo ya shule, pamoja na ile prime ya walimu ambayo wazazi walichangishwa kila mwezi, ilitoka mtungini mwake. Mume wake alilima mpunga na muhogo, lakini shamba hulipa kwa msimu, na shule haikungoja mavuno. Pombe ililipa kila wiki.

Mahindi kwetu ni ya siku nyingi. Livingstone alifika Bambarre, ndiyo Kabambare ya leo, mwezi Septemba 1869, na mwaka uliofuata vidonda vya miguu vikamfunga huko kwa miezi. Katika daftari lake aliandika jinsi watu wa Manyema walivyoyahifadhi: walisimika nguzo ndefu, wakazifunga kwa kamba za porini, kisha wakayaning'iniza mahindi kwa vikonyo vyake vilivyopinda, mpaka kijiji kikazungukwa na ukuta wa nafaka unaopita kimo cha mtu. Wenyeji waliyashusha na kuwapa watu wa msafara wake bila ubahili. Nilipousoma ukurasa huo nilifurahi sana, maana mama mkubwa naye aliyatundika, ingawa kwa uchache wa mtu mmoja, juu ya meko, ili moshi ufukuze wadudu. Ya mbegu yalikaa upande wake, ya chakula upande wake, na ya pombe upande wake. Hayakuchanganywa hata mwaka wa njaa.

Kazi ilianza kwa kuchambua, na hapo ndipo mama mkubwa alipokuwa mkali kuliko popote. Tulimwaga mahindi juu ya lungo, tukatafuta punje moja moja yenye ukungu wa kijani, iliyotobolewa, au iliyoingia weusi kwenye kiini. Nilidhani ni usafi tu. Baadaye, nikiwa mwanafunzi wa kilimo Kisangani, nilisoma habari za sumukuvu: kuvu linaota kwenye mahindi yaliyoanikwa vibaya, na sumu yake haitoki kwa kuchemshwa wala kwa kuchachushwa. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu waliokula mahindi ya shamba lao wenyewe. Mama mkubwa hakuwahi kusikia jina la sumu hiyo, lakini punje zile hakuwapa hata kuku. Alizichoma.

Yaliyo safi yalilowekwa ndooni, maji yakibadilishwa asubuhi na jioni ili yasinuke. Kisha yalitandazwa gizani, kwenye pembe ya nyumba, juu ya majani ya migomba, yakafunikwa kwa majani mengine na kukandamizwa kwa mawe. Ukiingiza mkono chini ya majani yale baada ya siku mbili unakuta joto, mbegu zinapumua. Mzizi unatangulia, mweupe, halafu chipukizi. Chipukizi likilingana na ukucha wa kidole cha kati, mahindi yanafunuliwa, yanaanikwa juani mpaka yakatike yakitafunwa, yanatwangwa. Hicho ndicho kimea.

Upande wa pili unapikwa uji. Nusu pipa juu ya mafiga, unga wa mahindi, mara nyingine na wa muhogo kidogo, ukikorogwa kwa mwiko mrefu hadi uwe mzito wa kumshinda mtoto. Halafu moto unaondolewa, na watu wote wanangoja. Mama mkubwa alikaa kwenye kigoda chake, akachovya kidole cha shahada, akakitoa haraka. Akatuuliza habari za shule. Akachovya tena. Alipoweza kukiacha ndani kwa pumzi moja, si zaidi, alisema neno moja: "Leta." Tukamwaga kimea, mmoja wetu akikoroga bila kupumzika.

Kilichofuata nimekiona tangu utoto na bado kinanishangaza. Uji ule mzito, uliousimamisha mwiko wima, unalegea mbele ya macho yako. Kwanza mwiko unakuwa mwepesi mkononi. Halafu sauti inabadilika: ule mgugumio wa uji unakwisha, unasikia mchapo wa maji. Baada ya muda mfupi ni kitu cha kumiminika, na ukikionja kina utamu ambao hakuna aliyeutia. Hakuna aliyeongeza maji, hakuna aliyeleta sukari.

Kisangani nilielezwa sababu yake. Punje inapoota hutengeneza vimeng'enya vya kuukata wanga wake kuwa sukari, ili mche upate chakula kabla haujaliona jua. Mpika pombe anausimamisha mche huo kwa kuukausha, kisha anavitumia vimeng'enya hivyo kwenye uji wa mahindi mengine. Ila wanga wa mahindi hauachii mpaka upikwe, na moto wa kuupika unaviua vimeng'enya. Ndiyo maana uji na kimea vinatayarishwa mbalimbali, vinakutana uji ukishapoa kiasi, kwenye nyuzi 60 hadi 65 hivi. Ukiwahi, kimea kinakufa na uji unabaki uji. Ukichelewa, unalegea nusunusu, na pombe yake haina nguvu wala ladha. Mwalimu wetu aliyaandika hayo ubaoni kwa kuchora mstari unaopanda na kushuka. Wenzangu walikariri. Mimi kila nilipouona mstari ule nilikiona kidole cha mama mkubwa kikiingia na kutoka.

Chachu haikununuliwa. Kinywaji kilichujwa kwa mfuko wa gunia, kikaingia mtungini, basi. Mtungi wenyewe ulisuuzwa kwa maji matupu, na chini yake yalibaki machicha ya mpiko uliopita. Binamu yangu wa Kasongo, aliyekuja likizo na kutaka kusaidia, alishika mtungi ule na majivu mkononi. Mama mkubwa alitoka jikoni mbio. "Usisugue ile chungu, mutoto! Unataka kuua pombe?"

Alisema kweli tupu. Kwenye vitundu vya udongo ule, kwenye nyufa za mwiko, kwenye maganda ya nafaka na kwenye majani ya migomba, wanaishi viumbe wasioonekana kwa jicho, na ndio wanaofanya kazi usiku wakati sisi tumelala. Elimu ya Ulaya ilipowagundua iliamua kuwachuja. Mwaka 1883, katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, Emil Christian Hansen alifaulu kuitenga chembe moja ya chachu na kuizalisha peke yake. Tangu hapo karibu bia yote ya chupa duniani imetengenezwa kwa chachu safi ya namna moja. Bia ya Primus ya kwanza iliyotoka Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1926 ilizaliwa katika elimu hiyo. Siidharau bia ya chupa. Ina uaminifu wake: unayoinywa Kinshasa ndiyo unayoinywa Kindu, leo na mwezi ujao.

Mtungini mwa mama mkubwa mambo yalikwenda kwa zamu. Bakteria wa uchachu wanatangulia, wanaleta asidi inayovizuia vijidudu vya kuharisha. Kwa hiyo kinywaji kile kilikuwa salama kuliko maji ya kijitoni. Chachu za mwitu zinafuata, zinaila sukari na kuacha kileo na mapovu. Mwishowe, hewa ikishaingia vya kutosha, wanakuja wale wa siki, na mambo yamekwisha. Siku tatu ndiyo nafasi iliyoko kati ya wa kwanza na wa mwisho. Aliyeonja siku ya tatu anajua ninachosema: harufu ya ndizi iliyoiva sana, halafu ya mahindi ya kuchoma, uchachu unaokaza mashavu, kisha uzito kidogo, kwa sababu pombe ile si maji, ina chakula ndani yake, mtu aliyelima tangu asubuhi anahisi tumbo linapokea. Kileo chake ni kidogo. Mtu anakunywa, anaongea, anakunywa tena, na bado anakumbuka alichoahidi.

Kasongo na Kabambare ni nchi ya Uislamu tangu siku za Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, na misafara ya Ujiji. Wengi wa jirani zetu hawakugusa kileo. Kulikuwa na mzee mmoja, mwalimu wa chuo cha Korani, ambaye jioni za kuchuja alipita na fimbo yake, akasimama njiani.

"Imelala?"

"Haiyalala, baba. Karibu."

Akaketi, akanywa kikombe kimoja cha kile kitamu, akamwombea mama mkubwa dua, akaenda zake. Ikiwa imelala, yaani imekaa usiku na kuanza kuchacha, aliambiwa imelala, naye akapita kwa salamu tu. Hakuna siku aliyodanganywa. Mwezi wa Ramadhani mama mkubwa alihamishia mapipa nyuma ya nyumba ili harufu isiwakute wafungaji njiani. Hakuna aliyemwagiza. Nimeishi miji ambako watu wa imani mbili hawana mahali pa kukutana ila sokoni, na kila mara namkumbuka mzee yule na swali lake moja.

Vita vya Agosti 1998 vilipofika kwetu, tulikimbilia porini. Sitaeleza yote. Tulikaa huko muda mrefu, tukirudi usiku kuchimba muhogo na kuondoka kabla ya mapambazuko. Tuliporudi kukaa, nyumba ilikuwa haina mlango, mapipa yalikuwa yamechukuliwa, na mtungi ulikuwa vigae. Mahindi tulipata kwa jirani wa mbali. Kimea kilitoka vizuri. Uji ulilegea. Lakini usiku ule hakuna kilichotokea ndani ya ndoo ya plastiki, na usiku wa pili vilevile, na kilipoanza kufanya kazi kilinuka vibaya, kikamwagwa. Mama mkubwa alirudia. Ikanuka tena. Nilimwona, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, akiwa hajui la kufanya mbele ya kitu alichokijua tangu usichana.

Ng'ambo ya njia aliishi mama mwingine mpika pombe. Walikuwa hawasemezani tangu kabla ya vita, kwa ugomvi wa wateja. Huyo mama alipokimbia alibeba mtoto mgongoni, sufuria kichwani, na mwiko wake mrefu mkononi, kwa kuwa porini angehitaji kupika, na mwiko ule ulimfaa pia kuwa mkongojo. Kila kitu cha pombe alikiacha isipokuwa huo. Asubuhi moja alivuka njia akiwa nao, akausimamisha mlangoni petu, akasema, "Korogea hii." Mama mkubwa aliupokea kwa mikono miwili.

Pombe ilipanda usiku uleule. Kulipokucha ilikuwa na povu, na harufu yake ilikuwa ile tuliyoijua. Machicha ya mpiko huo yaligawanywa nusu kwa nusu, na toka siku hiyo wanawake wale wawili walipika kwa zamu: mmoja anachuja Jumatatu, mwingine Alhamisi. Kwa kuwa pombe ya mmoja haikukomaa siku moja na ya mwingine, kijiji kilipata pombe iliyokomaa mara mbili kwa wiki, na hakuna iliyogeuka siki kwa kukosa wanywaji. Wateja walewale waliowagombanisha sasa waliwatosha wote wawili. Ingekuwa pombe inayokaa miezi sita, kila mmoja angejaza ghala lake na kumsubiri mwenzake afilisike. Nimesoma vitabu vya uchumi wa vijijini, na sijapata ndani yake jambo lililo wazi kuliko hilo.

Kuna kinywaji kingine kinachotoka katika mahindi yaleyale, nacho kinasafiri. Ni lutuku. Mahindi na muhogo vinachachushwa, vinachemshwa kwenye pipa lililozibwa, mvuke unapitishwa katika bomba linalozama kwenye maji ya baridi, unadondoka upande wa pili ukiwa maji meupe yenye moto. Lutuku inakaa kwenye bido, yaani dumu, mwaka mzima. Inafungwa nyuma ya kinga au moto, yaani baiskeli au pikipiki, inashinda matope, inafika kwenye machimbo ya dhahabu ya Namoya na Salamabila, inavuka mpaka Misisi upande wa Fizi. Masika yanapoiua barabara ya Kasongo, hata lori lenye mchele linalala njiani wiki nzima, lakini bido la lutuku linapita. Hii ndiyo njia iliyokuwa barabara kuu ya misafara kati ya Ujiji na Kasongo. Leo mzigo unaoimudu vizuri ni ule usiooza.

Nimewazika watu niliosoma nao kwa sababu ya lutuku. Mmoja alikuwa hodari wa hesabu kuliko sote. Siwalaumu wanawake wanaoipika. Bei yake inashinda ya pombe mara nyingi, na mtoto wa mpika lutuku naye anadaiwa minervali. Ninachokiona ni tofauti ya mwenendo. Pombe ya siku tatu inamlazimisha mpikaji kujua nani atakunywa kabla hajaloweka: nani anajenga, nani ana msiba, nani ameita watu kulima. Mnywaji naye lazima aje akae, kwa sababu haibebeki. Anaonekana. Akizidisha, kuna mwenyewe wa kumwambia, "Baba, inatosha, nenda kwa mama watoto." Lutuku inanywewa na mtu amesimama, peke yake, kwenye kifuniko cha chupa, mbali na aliyeipika. Mama mkubwa alipoulizwa kwa nini haipiki alijibu kwamba haina siku, akaendelea kupepeta.

Kazi ilinipeleka Brussels kwa mafunzo mafupi, na ndugu mmoja anayeishi karibu na Matonge akanipeleka Anderlecht, si mbali na stesheni ya Midi, kwenye kiwanda cha familia ya Cantillon kilichoanzishwa mwaka 1900. Tangu 1978 kiwanda hicho pia ni makumbusho ya bia ya gueuze. Nilikuwa nimesikia kwamba Wabelgiji wana bia isiyotiwa chachu. Sikuwa nimeamini. Juu darini, chini ya paa, nilioneshwa sinia kubwa la shaba lisilo na kina. Maji ya ngano mbichi na shayiri iliyooteshwa, yakishachemshwa, humwagwa humo yapoe usiku kucha, na hewa ya nje inaachwa iingie. Asubuhi yanaingia mapipa ya mbao, na huko yanakaa mwaka, miwili, hata mitatu. Wanapika miezi ya baridi tu, kwa sababu hewa ya joto ina wageni wasiotakiwa. Utando wa buibui hawauondoi; buibui wanakula nzi, na dawa ya wadudu ingewadhuru wafanyakazi wasioonekana.

Nilisimama mbele ya utando ule nikasikia sauti ya mama mkubwa juu ya mtungi na majivu. Nilipopewa glasi nilinywa polepole. Uchachu ulinishika palepale, pembeni mwa ulimi, kisha mashavuni. Yaliyobaki yalikuwa mageni: haina uzito, imekauka kabisa, ina harufu ya nyasi za ghalani na ngozi ya limau, utamu wote umeliwa. Ni kinywaji kizuri sana. Watu waliokuwa pale, waliotoka nchi nyingi, walikizungumzia kwa sauti ya chini kama watu walio kanisani, na nilifurahi kwa ajili yao, nikahuzunika kwa ajili yetu. Nchi iliyotutawala hadi 1960 ilikuwa na pombe ya chachu za mwitu katika mji wake mkuu, inaiheshimu, inaiwekea makumbusho. Kwetu watu wa nchi hiyohiyo walituachia fikra kwamba kinachochacha chenyewe mtungini ni uchafu wa washenzi. Nimewasikia watoto wa Kabambare, waliosomeshwa kwa pombe, wakilirudia neno hilo.

Usiku ule sikulala mapema. Nilikuwa nikifikiria pipa la miaka mitatu. Ili uwe na pipa la miaka mitatu unahitaji nyumba ambayo hutaikimbia kwa miaka mitatu. Unahitaji baba aliyekuachia, na mwana utakayemwachia, na paa ambalo hakuna aliyeling'oa. Vita viwili vikuu vimepita Ubelgiji tangu 1900, najua, lakini Cantillon ipo mtaa uleule. Sisi katika umri wangu mmoja tumekimbia na kurudi mara nyingi. Pombe ya mama mkubwa ilikuwa ya watu kama sisi. Haikuhitaji ghala. Ilivunjiwa mtungi, ikaporwa mapipa, na bado iliweza kuanza upya kutoka kwenye nyufa za mwiko mmoja, ikawa tayari wiki hiyohiyo. Uhai mfupi ule, ambao wenye mipango wanauita kasoro, ndio uliotuwezesha kuwa na pombe kabisa.

Kwa hiyo nilipokaa Kindu katika kikao kimoja, na watu wa mradi wakapendekeza pombe ya mahindi ichujwe ing'ae, ichemshwe kuua viumbe wake, itiwe chachu ya pakiti na kufungwa kwenye chupa, nilisimama nikapinga. Chupa, mashine na gari vingekuwa vya mtu mwingine, na mwanamke wa kando ya njia angebaki muuza mahindi. Nilisema anachohitaji ni turubai za kuanikia, ili kuvu lisiingie. Mtu wa kumweleza kwamba mbegu za msaada zilizopakwa rangi nyekundu zina sumu na haziloweki kwa pombe hata zikioshwa. Na daraja linalopitika masika, ili mchele na karanga zisafiri, lutuku ikose kuwa mzigo pekee wenye faida. Waliandika. Turubai zilifika.

Mama mkubwa amefariki. Binti yake, dada yangu, anapika palepale, na yule mama wa ng'ambo ya njia, ambaye sasa ni mzee, bado anashika zamu ya Alhamisi kwa mikono ya wakwe zake. Nilimpelekea dada kipimajoto kirefu cha jikoni. Alikitumbukiza kwenye uji, akachovya kidole kando yake, akanitazama.

"Hii kitu inasema sawasawa na kidole yangu."

Nilisoma: 63. Akakifuta, akampa msichana anayemfundisha, mjane kijana aliyekimbia kutoka milima ya Fizi, akamwambia akitumie mpaka kidole chake kijue, kisha wakirudishe sandukuni.

Nilipoondoka alinifungia kimea kwenye mfuko. Nikamwomba na machicha. Alikataa, alisema yatakufa njiani au yatakuja na mabaya ya njia, na kwamba Kindu kuna migomba, kwa hiyo kuna chachu. Nilipika nyumbani, karibu na mto, kwa mtungi mpya wa udongo. Mke wangu alikuwa na mashaka. Mpiko wa kwanza ulikuwa mkali na haukutufurahisha, lakini sikuusugua mtungi, na mipiko iliyofuata ilitengemaa. Ina uchachu wa kwetu, ila harufu ya ndizi haipo. Badala yake kuna kitu kama nanasi, na povu lake linakaa muda mrefu zaidi. Jirani zetu Wakusu wanaipenda na wanauliza itakuwa tayari lini.

Nilimpigia dada simu nikamweleza habari za nanasi. Alinyamaza kidogo, akaniuliza maji ya kulowekea nayatoa wapi, na majani ya kufunikia ni ya mgomba gani. Akasema hiyo ni ya Kindu, yeye haijui, itabidi aionje mwenyewe. Nikamwambia njia ni mbaya, mvua zimeanza, na pombe haitamngoja.

"Loweka mengine Jumatatu," alisema. "Miye napanda moto Alhamisi. Mpaka yaote, yakauke, uyatwange, nitakuwa nimefika. Usichuje kabla yangu."